Peugeot au Hilux: Historia ya Kuchagua Pikapu Afrika Mashariki

Pikapu ni gari dogo la mizigo lenye kebini mbele na bodi la wazi nyuma. Kwa zaidi ya nusu karne ndilo lililobeba maziwa, mahindi, saruji, miraa, wagonjwa na abiria wa Afrika Mashariki mahali ambapo lori lilikuwa kubwa mno na baiskeli haikutosha. Kwa sehemu kubwa ya muda huo, mkulima au mfanyabiashara wa Kenya, Tanzania au Uganda aliyejikusanyia fedha za pikapu moja alikuwa na majina mawili ya kupima: Peugeot ya Ufaransa na Toyota Hilux ya Japani. Land Rover, Datsun na Isuzu zilikuwepo, tena zilikuwa na wapenzi wao, lakini ubishi wa gereji na wa vibarazani mara nyingi uliishia kwenye hayo mawili. Historia ya ubishi huo haikuamuliwa na chuma peke yake. Spea, mafundi, ushuru wa forodha na hata upande wa barabara wa kuendeshea gari vilikuwa na uzito mkubwa kuliko nguvu za injini.

Kabla ya uhuru, usafirishaji wa mizigo mashambani ulikuwa wa tabaka mbili. Juu walikuwapo wenye malori, wengi wao wafanyabiashara wa asili ya Kihindi na kampuni za walowezi, waliotumia Bedford na Austin za Uingereza. Chini walikuwapo wenye punda, mikokoteni na baiskeli. Katikati ilikaa Land Rover, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, ikiwahudumia maofisa wa serikali, wamisionari, mabwana shamba na walowezi. Ilipanda milima na kuvuka mito, ila bei yake na unywaji wake wa petroli viliiweka mbali na mkulima mdogo. Uhuru ulileta mnunuzi mpya. Nchini Kenya mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, KTDA, iliundwa mwaka 1964, na vyama vya ushirika vya kahawa na maziwa vikaenea katika nyanda za juu. Tanzania ilikuwa tayari na ushirika uliokomaa, wa kahawa Kilimanjaro na wa pamba Usukumani. Mazao hayo yalileta fedha taslimu, na sehemu ya fedha hizo ikatafuta gari la kubeba tani moja. Gunia la mahindi la Kenya hupimwa kilo 90, kwa hiyo tani moja ni karibu magunia 11, kiasi ambacho duka la kijijini huuza kwa siku chache na ambacho mkulima wa wastani huweza kukipeleka sokoni kwa safari moja.

Peugeot ndiyo iliyolijibu hitaji hilo mapema. Kampuni hiyo ilikuwa na desturi ya kutoa pikapu kutokana na magari yake ya saluni. Peugeot 203 ya mwaka 1948 ilikuwa na pikapu, 403 ya mwaka 1955 vilevile, na 404, iliyozinduliwa mwaka 1960 ikiwa na umbo lililochorwa na Pininfarina wa Italia, ilipata pikapu yake katika nusu ya pili ya miaka ya 1960. Zilitoka kiwandani zikiwa na matao ya chuma juu ya bodi ili kutandikwa turubai, na matao hayo yalikuja kuwa na kazi kubwa Afrika kuliko waliyoifikiria wabunifu wake.

Sifa ya Peugeot ilijengwa barabarani, mbele ya macho ya watu. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, majira ya mvua, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda mara ya kwanza na ya nne. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland na Chris Rothwell, walioliendesha gari lao kwa jina la Tanzania. Hakuna tangazo la gazeti lingeweza kuuza gari kama ushindi huo. Wanavijiji waliojipanga kando ya barabara waliona gari lilelile ambalo mwalimu mkuu au daktari wa wilaya alilimiliki likipita kwenye matope yaliyozika magari ya bei kubwa zaidi. Waliloliona lilikuwa saluni, lakini injini, gia boksi na sehemu za mbele za pikapu zilikuwa za ukoo huohuo, na fundi aliyejua moja alijua na nyingine.

Injini ya petroli ya 404 ilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 1,618, na chini ya boneti ilikaa imeinama upande kwa nyuzi 45. Kwa fundi, jambo kubwa lilikuwa silivu zake. Mitungi ambamo pistoni hupanda na kushuka haikuchongwa ndani ya bloku. Ilikuwa vyuma vinavyochomoka, vikizungukwa moja kwa moja na maji ya kupozea. Injini ilipochoka na kuanza kula oili, bloku haikuhitaji kusafirishwa hadi kwenye karakana ya kuchonga. Fundi aliagiza seti ya silivu na pistoni, akazipachika chini ya mwembe, na gari likarudi kazini. Katika nchi ambamo mashine za kuchonga bloku zilipatikana katika miji mikubwa michache tu, huo ulikuwa ubora ambao hauonekani kwenye orodha ya bei lakini mwenye gari aliuhisi mfukoni. Springi zake za mbele zilikuwa ndefu na laini, na dereva aliyetoka Kitale hadi Nairobi alishuka akiwa bado na mgongo. Udhaifu wake ulijulikana pia. Silinda hedi ilikuwa ya aloi, na radieta ikikauka njiani hedi ilipinda, gasketi ikaungua, na safari ikaishia hapo. Pwani, hewa ya chumvi ilizitafuna kingo za milango na sakafu ya kebini.

Hilux ilizaliwa Machi 1968. Toyota iliibuni pamoja na Hino, na ilitengenezwa katika kiwanda cha Hino huko Hamura, Japani, ikichukua nafasi ya pikapu ndogo za awali za kampuni hizo mbili. Ilikuwa na injini ya petroli ya lita 1.5, gia ya usukani kama ile ya 404, na uwezo wa kubeba tani moja. Tofauti kubwa ilikuwa chini. Hilux ilijengwa juu ya chesisi kamili ya lori: mihimili miwili mirefu ya chuma iliyounganishwa kwa vyuma vya kukingama, springi za bapa nyuma, na kebini na bodi vilivyofungwa juu yake kwa boliti. Bodi likioza, liling'olewa na jingine likafungwa. Springi zikilegea, mhunzi wa mjini aliongeza bapa. Kwa upande mwingine, Hilux tupu iliruka vibaya kwenye barabara ya changarawe yenye vijituta vya kupangana, na mtu aliyezoea Peugeot aliiona kama adhabu.

Katika miaka yake ya mwanzo Hilux ilishindwa kwenye ulinganisho huo, na ilistahili kushindwa. Injini yake ilikuwa ndogo, mafundi walioijua walikuwa wachache, na bidhaa za Kijapani bado zilikuwa na sifa ya urahisi usiodumu. Iliyowafungulia Wajapani mlango ilikuwa Datsun. Datsun 1600 SSS ilishinda Safari mwaka 1970, na 240Z ikashinda 1971 na 1973. Dereva wa ushindi wa 1973 alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye baadaye alishinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, zote kwa magari ya kampuni hiyohiyo. Pikapu ndogo ya Datsun 1200, nyepesi na isiyokunywa sana, ikawa gari la kwanza la wafanyabiashara wengi wa mboga, mikate na magazeti. Toyota yenyewe haikushinda Safari hadi mwaka 1984, Björn Waldegård alipoleta Celica. Kufikia hapo Hilux ilikuwa imekwisha kuenea mashambani. Kwa maneno mengine, jina la Peugeot lilitoka kwenye mashindano likaenda shambani. La Hilux lilitoka shambani.

Mzigo ulioamua bei ya pikapu mara nyingi ulikuwa na miguu miwili. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba matatu, yaani magari ya abiria ya watu binafsi, zingeruhusiwa kubeba abiria bila leseni maalumu ya uchukuzi, na biashara iliyokuwa ikijificha ikatoka mchana kweupe. Pikapu za Peugeot zilifungwa mabenchi mawili marefu ya mbao yaliyotazamana, turubai au paa la bati likawekwa juu ya yale matao ya kiwandani, na utingo akaning'inia nyuma. Dar es Salaam ilikuwa na magari yake ya mabenchi ya kutazamana, yaliyoitwa chai maharage, ambayo yalijaza pengo wakati mabasi ya shirika la UDA, lililoundwa mwaka 1974, yalipopungua kwa kukosa spea. Zanzibar iliufanya muundo huo kuwa sanaa: daladala za Unguja zilijengewa bodi la mbao lenye paa la chini na madirisha ya wazi, na abiria walikaa magoti kwa magoti. Mnunuzi wa gari la namna hiyo alipima mambo tofauti na mkulima. Alihesabu makalio, akapima urefu wa bodi, na akauliza kama ekseli ya nyuma ingevumilia watu 18 mahali palipokusudiwa tani moja. Peugeot ilipendwa hapa kwa ulaini wake. Nchini Kenya, matumizi haya yalififia minibasi zilipoenea, na kanuni za mwaka 2004 zilizosimamiwa na waziri wa uchukuzi John Michuki, zilizodai mkanda kwa kila abiria, ziliyamaliza karibu kabisa katika barabara kuu.

Wakati huohuo serikali ya Kenya ilikuwa ikibadilisha mahali pikapu zinapotoka. Katikati ya miaka ya 1970, ili kupunguza matumizi ya fedha za kigeni na kuzalisha ajira, serikali ilishirikiana na kampuni za nje kujenga viwanda vitatu vya kuunganisha magari: Leyland Kenya mjini Thika, General Motors Kenya jijini Nairobi na Associated Vehicle Assemblers mjini Mombasa. Magari yalifika yakiwa vipande ndani ya makreti, yakaunganishwa na kupakwa rangi hapa nchini. Baadaye ilitakiwa baadhi ya vipande visiagizwe kabisa: betri, tairi, vioo, ekzosi, springi za bapa na viti vikawa vya Kenya. Peugeot zilikuwa miongoni mwa magari yaliyounganishwa nchini, na hilo lilimpa mnunuzi wa kawaida dhamana ambayo mhuri wa Paris haukuweza kutoa, kwamba kipande kikivunjika, kingine kama hicho kiko ndani ya nchi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha pikapu. Kiwanda chake cha Kibaha, TAMCO, kiliunganisha malori ya Scania. Kwa hiyo pikapu ya Tanzania iliagizwa nzima, na kwa fedha za kigeni ambazo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 zilikuwa adimu kuliko pikapu zenyewe.

Kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973 na tena 1979 kuliingiza swali jipya kwenye ulinganisho: petroli au dizeli. Peugeot ilikuwa na uzoefu mrefu zaidi, kwa kuwa iliuza 403 ya dizeli tangu mwaka 1959. Pikapu ya 504, iliyochukua nafasi ya 404 nchini Ufaransa mwaka 1979, ilipatikana kwa injini ya petroli ya lita 1.8 au ya dizeli ya lita 2.3, na ilibeba zaidi ya tani moja. Toyota iliingiza dizeli yake ya lita 2.2 mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha ya lita 2.4. Injini hizi za Toyota hazikuwa na haraka. Mlimani zilipandisha kwa gia ya pili na moshi mweusi. Lakini zilikuwa na sehemu chache za kuharibika, na fundi aliyejifunza moja kwenye Hilux aliikuta karibu ileile kwenye Hiace. Ukaribu huo kati ya pikapu na basi dogo la abiria ulifanya nozeli, hita na pampu za dizeli ziuzwe kila mahali palipokuwa na stendi. Peugeot haikuwa na basi dogo lililoenea Afrika Mashariki kama Hiace, na huu ndio mwanzo halisi wa kushindwa kwake.

Namna mnunuzi wa miaka ya 1980 alivyolinganisha pikapu mbili zilizotumika inastahili kuelezwa kwa kituo, kwa kuwa ndipo ujuzi wa mafundi wa eneo hili ulipoonekana. Hakwenda peke yake. Alikwenda na fundi wake, alfajiri, kabla injini haijawashwa, kwa sababu injini ya moto huficha mengi. Jambo la kwanza la kusomwa lilikuwa mlango. Gari la mizigo lilitakiwa kuandikwa ubavuni jina la mwenyewe, sanduku lake la posta na uzito wa gari likiwa tupu, na maandishi hayo, yaliyopigwa kwa brashi na rangi nyeupe, yalisimulia maisha ya gari. Jina la misheni au la shule lilikuwa dalili njema. Jina lililofutwa na kuandikwa juu yake majina mengine mawili lilimfanya fundi akunje uso. Kisha alilala chini. Kwenye Hilux alipitisha vidole kwenye mihimili ya chesisi nyuma tu ya kebini, mahali ambapo mzigo wa kupita kiasi huivunja, akitafuta kovu la kuchomelewa lililofichwa kwa rangi mpya. Kwenye Peugeot alitazama sakafu ya kebini na kingo za chini za milango, akagonga kwa bisibisi kusikia kama ni bati au ni puti. Alifungua kifuniko cha radieta kuona kama maji yana utando wa oili, dalili ya hedi iliyopinda. Alichomoa kijiti cha oili, akaisugua oili kati ya vidole, akainusa. Ndipo akaruhusu injini iwashwe. Moshi wa buluu ulimaanisha pistoni zimechoka: kwa Peugeot, bei ilishushwa kwa gharama ya seti ya silivu; kwa Hilux ya petroli, ilishushwa zaidi, kwa sababu bloku ingehitaji kuchongwa. Mwisho walikwenda kutafuta kilima. Aliyenunua bila kupanda kilima alihesabiwa mjinga.

Sehemu ya pili ya ulinganisho haikufanyika kwenye gari kabisa. Ilifanyika kwenye maduka ya spea, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Fundi aliuliza bei ya vitu vitano au sita vinavyochakaa kwanza: klachi, beringi za magurudumu, shokapu, viatu vya breki, pampu ya maji. Jibu la duka lilikuwa na nguvu ya kuvunja biashara. Gari zuri ambalo pampu yake ya maji ilingojewa miezi miwili lilikuwa gari baya.

Toyota iliongeza jambo ambalo Peugeot haikulijibu ipasavyo. Mwaka 1979 Hilux ya kizazi cha tatu ilipata toleo la kuendeshwa kwa magurudumu yote manne, na toleo la kebini mbili lenye milango minne likaenea katika miaka iliyofuata. Pikapu hiyo iliingia katika nafasi ya Land Rover kwa bei na matumizi ya mafuta yaliyovumilika zaidi. Peugeot yenye magurudumu manne ya kuendesha ilikuwepo, iliyobadilishwa na kampuni ya Dangel ya jimbo la Alsace tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini ilikuwa ghali na adimu. Katika udongo mweusi wa mbugani, ambao mvua ikinyesha hugeuka utelezi mtupu, Peugeot ya kawaida ilisimama na Hilux ikapita. Miradi ya maji, wakala wa misitu, mashirika ya misaada na halmashauri za wilaya ziliagiza Hilux kwa makumi, na baada ya miaka kadhaa ziliuza zile kuukuu kwa mnada. Minada hiyo iliwapa watu wa kawaida Hilux za bei nafuu zilizotunzwa vizuri kiasi, na mafundi wa wilayani wakazidi kuzizoea.

Biashara ya miraa ya Meru ilikuwa mtihani mkali kuliko mashindano yoyote. Miraa iliyochumwa Igembe hupoteza nguvu na bei ndani ya siku mbili, na kutoka Maua hadi uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi ni karibu kilomita 300, ambako ndege za kwenda Somalia hazikumngoja mtu. Madereva waliziendesha pikapu kwa mwendo ambao umeua watu wengi, wao wenyewe na wapita njia, na hilo haliwezi kusemwa kwa kusifu. Lakini biashara hiyo ilikuwa ikichagua gari kwa ukatili: lililoharibika njiani mara mbili liliuzwa. Hilux ndiyo iliyobaki.

Pigo lililomaliza ushindani lilitoka kwenye sera ya biashara. Tanzania ilianza kulegeza mwaka 1984, iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana zilikotoka, na pikapu ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyotafutwa kwanza. Kenya ilifungua soko mwanzoni mwa miaka ya 1990. Magari yaliyotumika yalianza kumiminika kutoka Japani, mengine kupitia Dubai, na hapa upande wa barabara ukaamua mambo. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto, kama Japani. Ufaransa huendesha kulia. Sheria za ukaguzi za Japani ziliwafanya wenye magari kuyaacha yakiwa bado mazima, usukani wake ukiwa tayari upande unaotakiwa Mombasa na Dar es Salaam. Peugeot kuukuu ya Lyon haikuwa na njia ya kufika. Mnunuzi akawa analinganisha Peugeot mpya iliyounganishwa Kenya na Hilux ya miaka sita kwa bei ya chini sana, na hapakuwa na ulinganisho tena. Rwanda, Burundi na Kongo, zinazoendesha kulia, zingeweza kupokea magari ya Ulaya moja kwa moja, lakini mashariki mwa Kongo palikuwa pakipata bidhaa na spea nyingi kupitia Mombasa na Dar es Salaam, na Toyota za usukani wa kulia zikafika hadi huko.

Mwisho wa Peugeot ulikuwa wa taratibu, na Kenya ilikuwa kati ya nchi zilizoishikilia hadi mwisho. Pikapu ya 404 iliunganishwa Kenya hadi mwaka 1991, zaidi ya miaka kumi baada ya Ufaransa kuiacha. Pikapu ya 504 ilikoma Ufaransa mwaka 1993, na Kenya iliendelea kuiunganisha hadi mwaka 2004. Wengi waliozinunua katika miaka hiyo ya mwisho walikuwa wakulima wa chai na kahawa ambao baba zao walikuwa nazo, na ambao fundi wao alikuwa mtu mmoja aliyejulikana kwa jina. Fundi huyo alipostaafu, gari lilistaafu pia.

Mwaka huohuo wa 2004 ulibeba tukio jingine ambalo halikuangaliwa sana. Toyota ilihamishia Hilux ya kizazi cha saba Thailand na nchi nyingine, na ikaacha kuiuza Japani hadi mwaka 2017. Kenya nayo ilikuwa na sheria inayokataza kuingiza gari lililozidi miaka 8. Hesabu ni rahisi: kufikia mwaka 2012 Hilux za Japani zilizokuwa na umri unaoruhusiwa zilikuwa zimekwisha. Walioendelea kuagiza Hilux zilizotumika waligeukia Thailand na Uingereza, nchi nyingine mbili za kuendesha kushoto, kwa bei ya juu zaidi. Tanzania, ambayo hutoza ushuru wa ziada kwa magari ya zamani badala ya kuyazuia, iliendelea kupokea zile kuukuu kwa muda mrefu zaidi. Nafasi iliyoachwa Kenya ilichukuliwa na Isuzu D-Max, iliyozinduliwa mwaka 2002 na kuunganishwa Nairobi katika kiwanda cha General Motors, ambacho mwaka 2017 kilikuwa Isuzu East Africa. Tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze mwaka 2005, gari zima lililoagizwa lilitozwa ushuru wa asilimia 25 na vipande vya kuunganisha vikasamehewa. D-Max ikawa na faida ileile iliyokuwa ya Peugeot miaka ya 1970. Ulinganisho wa sasa, Hilux au D-Max, unafuata mkondo wa ule wa zamani karibu hatua kwa hatua, isipokuwa kwamba sasa fundi huja na kompyuta ya kusoma injini mahali pa bisibisi.

Peugeot haikuachana na pikapu moja kwa moja. Ilirudi Kenya mwaka 2017 kwa kuunganisha magari ya familia mjini Thika, na mwaka 2020 ikatangaza pikapu mpya ya tani moja, Landtrek, iliyobuniwa pamoja na Changan ya China kwa ajili ya masoko kama ya Amerika ya Kusini na Afrika. Pikapu hiyo ina chesisi ya ngazi, yaani imejengwa kwa mpango wa Hilux. Jina lililo mbele ya boneti bado linaheshimiwa na wazee wa Nyeri na Moshi, lakini mafundi waliozijua 404 na 504 walijifunza injini nyingine kabisa, na maduka yaliyouza silivu zake sasa yanauza spea za Toyota na Isuzu. Landtrek haina urithi wa kuuchukua. Italazimika kujenga mtandao wake wa spea na mafundi kuanzia mwanzo, kama Hilux ilivyofanya baada ya mwaka 1968.